Kwa walimu wapya wa awali mliopangiwa visiwani, anzieni mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki

Nyie mliopata ajira mpya na barua inasema Ukerewe, kule Ziwa Victoria, najua wengine mshaanza kuulizia uhamisho kabla hata hamjapanda meli pale Mwanza kwenda Nansio. Mi huu mwaka wa tisa nafundisha darasa la awali, kwenye kisiwa cha kuunganisha mtumbwi ukishashuka Nansio, na naandika sababu mwaka wangu wa kwanza watoto waliumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kunambia.

La kwanza ni mwezi. Sio wa kalenda, ule wa angani. Chuoni tulifundishwa kujaza rejista ila hatukuambiwa kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu kwaiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa wanashona nyavu. Sasa kipindi cha giza mitumbwi inarudi alfajiri, mama anawahi kuanika, dada mkubwa yuko nae, na mtoto wa miaka mitano hana wa kumnawisha uso wala wa kumpa uji, nae anaishia hukohuko kufukuza ndege wasile dagaa. Mi nlikua naona darasa la watoto 40 limebaki na 15, naita kikao, nawagombeza wazazi kwamba hawajali elimu. Bibi mmoja akasubiri watu watawanyike akanambia, mwalimu, uwe unaangalia juu kabla hujaangalia hilo daftari lako. Niliona aibu kweli. Tangu hapo nachora mwezi kwenye andalio langu la somo, jambo jipya na gumu naliweka siku za mbalamwezi darasa likiwa limejaa, siku za giza narudia tuliyosoma, hadithi na michezo, ili aliyekosa asiachwe nyuma.

La pili ni lugha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilikua na mtoto wa Kisukuma, wazazi walihamia kambi ya wavuvi kutafuta maisha, alikaa wiki tatu darasani hajatoa neno. Nikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba uelewa wake ni mdogo. Jumamosi nikaenda mwaloni kununua dagaa nikamkuta kwa mama yake anapima, anachota na kopo la sado anamimina kwenye ndoo kubwa, anahesabu Kisukuma imo, ibili, idatu, mpaka ya tano, akasimamisha mkono, ndoo ya lita 20 imejaa, akasawazisha juu kwa kiganja, halafu akaniangalia akanitupia na nyongeza. Sado ni lita 4 jamani, yaani mtoto niliyemwandika uelewa mdogo alikua anajua kwa mikono yake kwamba 4 mara 5 ni 20. Jumatatu nikaomba ndoo na sado nikaziweka kwenye kona ya hisabati na mchanga mkavu, nikamwambia yeye ndo muuzaji. Mwenzie alivyotaka kubeba ndoo kabla ya wakati akasema bado haijajaa. Hicho ndo kilikua Kiswahili chake cha kwanza mbele yangu.

Simaanishi muache Kiswahili, lugha ya kufundishia awali ni Kiswahili na hawa watoto wanakihitaji. Ninachosema ni kwamba darasa moja huku lina Wakerewe, Wajita, Wakara na Wasukuma, ukianza siku ya kwanza kwa kumkataza mtoto lugha ya nyumbani anajifunza kunyamaza tu. Mwitikie kwa lugha ya kwao kwanza, mwangaluka, salamu ya Kisukuma, haigharimu kitu, alafu umvushe taratibu. Kule New Zealand Wamaori walifika mahali watoto hawajui tena lugha yao, mwaka 1982 wakaanzisha vituo wanaviita kiota cha lugha ambako bibi na babu wanakaa na watoto wadogo wanaongea nao Kimaori tu, na mtaala wa awali wa nchi nzima uliotoka 1996 wakaupa jina linalomaanisha mkeka uliosukwa. Wao wanahangaika kuirudisha, sisi watoto wanakuja nayo mdomoni bure halafu tunawavua mlangoni.

Kuhusu zana, kadi za picha utakazozikuta zina treni na taa za barabarani. Zitumie lakini usianze nazo. Maboya mabovu ya nyavu ni ya kuhesabia, kamba ya kufunga mafundo inakomaza vidole kabla ya penseli, sehemu za mtumbwi wanazijua kukuzidi. Makombe ya konokono okota makavu yaliyo juu mchangani na USIWAINGIZE watoto majini kutafuta zana, kichocho huku ni kingi.

Alafu kuna hili la ziwa lenyewe. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, walikufa watu zaidi ya 200, na mbali na hiyo kila mwaka ziwa linachukua mvuvi mmoja mmoja ambaye redio haimtaji. Kabla hujawaambia watoto wachore baba au waimbe nyimbo za mtumbwi kupinduka, ulizia nyumba kwa nyumba. Mi nlimliza mtoto mbele ya wenzie kwa kutouliza, na bado namkumbuka.

Yule bibi wa mwezi sikuhizi anakuja kila Jumatano kutoa hadithi, anasimulia Kikerewe na mi nafuatia kwa Kiswahili, watoto wakiona nimekosea wananirekebisha. Ukimpata wa kwako mwombe mwalimu mkuu huyo bibi aandikwe kwenye kitabu cha wageni kila anapokuja ili wathibiti ubora wakifika waone ni sehemu ya somo, na kamati ya shule iambieni mapema habari ya asante yake ya sabuni na sukari, sababu anaacha dagaa zake juani kuja kwenu.