Ukianza modeli ya vidimbwi vya Prairi, acha mashimo

Ukifika Saskatoon, mji wa nyanda za Prairi nchini Kanada, ukiwa umezoea haidrolojia (elimu ya mwendo wa maji) ya mito, utakuwa na mkono mwepesi wa kuziba mashimo kwenye ramani ya mwinuko inayolishwa modeli ya kompyuta. Ndivyo tulivyofundishwa: ziba kila shimo, kisha fuata maji yanavyoteremka hadi mtoni. Huku usizibe. Barafu kuu ya kale ilipoyeyuka iliacha mamilioni ya vibonde, ambavyo maji yakituama huwa vidimbwi, kuanzia Alberta nchini Kanada hadi Iowa nchini Marekani, na vingi havina mto wa kuvitoa maji. Ukiviziba, modeli itapeleka mtoni maji ambayo kwa kweli hayakutoka shambani.

Kibonde hujaa kwanza, ndipo kimwagie cha chini yake. Kisipojaa, safari ya maji imeishia hapo. Kwa hiyo eneo linalolisha mto hupanuka na kusinyaa, tena halisinyai kwa njia liliyopanukia: jumla ya maji vibondeni inaweza kuwa ile ile wakati wa kujaa na wakati wa kukauka, lakini mto ukapata kiasi tofauti. Anzisha modeli miaka kadhaa kabla ya kipindi unachokichunguza, vinginevyo vina vya kuanzia utakuwa umevibuni tu.

Sisi tuliokua tukihesabu masika na vuli hukimbilia faili la mvua. Fungua kwanza la theluji na la upepo. Theluji hupeperushwa kutoka mashambani ikarundikana vibondeni, na inapoyeyuka udongo bado umeganda, maji hayazami sana. Kipimamvua nacho hukosa theluji nyingi upepo ukivuma. Sahihisha takwimu zake kabla ya kugusa kitu kingine.

Laida ya kawaida, yaani kipimo cha mwinuko kwa miale ya leza kutoka angani, haioni chini ya maji. Ramani iliyopigwa vidimbwi vikiwa vimejaa huhesabu uso wa maji kuwa ndiyo sakafu. Tafuta ya mwaka wa ukame, au tumia uhusiano wa eneo, kina na ujazo waliouandika watafiti Hayashi na van der Kamp mwaka 2000. Vidimbwi vidogo, kwa upande wao, hupoteza maji haraka kupitia kingo zenye mierebi, hivyo usivipe vyote kiwango kimoja cha kupoteza maji.

Kwa majaribio kuna vipimo vya vidimbwi vya eneo la St. Denis, mkoani Saskatchewan, tangu 1968. Vipimo vya eneo la Cottonwood Lake, jimbo la North Dakota, Marekani, vina ukame wa 1988 hadi 1992 kisha mvua kubwa kuanzia 1993. Rekebisha modeli kwa kipindi kimoja, ijaribu kwa kingine. Na mwombe msimamizi akupeleke uwandani mwezi wa 4, ukiwa na buti za mpira.