Masika hayafiki Toronto

SWALI: Kijana wangu anaishi Toronto, Kanada. Huko bangi ni halali na kila nyumba inaruhusiwa mimea minne, basi akaamua kuipanda uani. Alinipigia simu kuniuliza msimu, nami nikamwambia nilivyozoea tangu utotoni Kirinyaga: mwisho wa Machi, masika yakikaribia. Aliotesha dirishani, akaitoa nje katikati ya Aprili. Usiku mmoja tu, miche yote ikafa. Nilikosea wapi? Na sasa apande lini?
Mama, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, ushauri wako ni wa mkulima kamili, ila ni wa Kirinyaga. Sisi tunatazama mawingu. Kijana wako hana budi kutazama jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha, na urefu wa usiku.

Jalidi ndiyo iliyoua miche, ile ile inayochoma viazi Kinangop. Toronto inaweza kupiga hadi Mei. Wenye bustani huko hungoja sikukuu ya Victoria, Jumatatu inayotangulia Mei 25, ndipo watoe miche nje. Kwa hiyo aatike upya ndani, kisha aizoeshe nje kidogo kidogo kwa wiki nzima, jioni anairudisha.

Habari ya usiku mimi niliijua kwa hasara. Rafiki aliniletea mbegu za vitunguu kutoka Uingereza, nikazipanda Ruai. Nilitia samadi, nikamwagilia, nikapalilia kwa mikono yangu. Mwezi wa tano majani yamesimama wima, nang'oa moja baada ya jingine, chini hakuna kitunguu! Aina ile haifungi mpaka ipate mchana wa saa 14 au zaidi, na Nairobi, hapa karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana madukani kwetu utauziwa Red Creole au Bombay Red, aina zinazofunga kwa mchana mfupi kama wetu.

Bangi nayo husubiri usiku mrefu. Mwezi wa Juni mchana wa Toronto hufika saa 15 na nusu, mmea unajenga shina na majani tu. Usiku ukirefuka, Agosti, ndipo maua huanza, na huchukua wiki nane au zaidi kukomaa. Hapo ni mwisho wa Septemba au Oktoba, mvua na jalidi ziko mlangoni na ukungu unaingia kwenye maua. Kwa hiyo achague aina inayokomaa mapema. Akichelewa kupanda mpaka Juni asihangaike: mmea utakuwa mfupi, lakini utachanua wakati ule ule. Ipo pia aina inayochanua kwa umri wake bila kujali mwanga. Tena asipande chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, maana mmea utadhani bado ni mchana.

Nakuomba sana, Mama, asikutumie hata mbegu moja. Kanada waliruhusu Oktoba 2018, lakini hawaruhusu kuivusha mpakani, na kwetu kuilima ni kosa kwa sheria ya 1994.

Akikupigia tena, mwambie apime joto la usiku, la mchana litamdanganya. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 10 siku kadhaa mfululizo, atoe miche.