Soko lisilo na mwenyewe na jina lako kwenye boksi: jibu kwa mdau wa Mafinga

Mkuu, umeuliza kama ukinunua kwenye soko la mtandaoni lisilo na kampuni katikati, basi hakuna atakayejua umenunua nini. Mimi naagiza spea za simu, niko Mwanjelwa, Mbeya, najibu kwa ninachokiona.

Aliyeondoka pale ni dalali tu. Soko la kawaida lina kampuni inayotunza jina, namba na kila ulichonunua. Wakidukuliwa, mmeanikwa wote. OpenBazaar, mojawapo ya masoko hayo yasiyo na kampuni katikati, iliyoanza 2016 na kufungwa 2021, haikuwa na hifadhi hiyo, kompyuta ya mnunuzi iliongea moja kwa moja na ya muuzaji. Sawa, ila kwa kuongea hivyo anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa chako mtandaoni, ilikuwa inaonekana. Tor, mtandao unaoficha anwani hiyo, waliiongeza baadaye. Na muuzaji lazima aambiwe mzigo uende wapi. Taarifa zako sasa anazo yeye, na akiziuza hujui hata ukamlalamikie wapi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini utamshitaki nani, jina la bandia?

Kwenye malipo wengi wanajidanganya. Daftari la miamala ya Bitcoin, sarafu ya mtandaoni inayotumika kulipia huko, liko wazi kwa dunia nzima. Ukinunua sarafu kwa mtu ukamlipa kwa simu, jina lako la usajili limemtokea palepale, na anwani ya Bitcoin uliyompa akutumie sarafu anaweza kuifuatilia mpaka kesho. Toa anwani mpya kila muamala. Monero, sarafu nyingine ya mtandaoni, inaficha mtumaji, mpokeaji na kiasi, ila wauzaji wanaoipokea si wengi. Ule utaratibu wa funguo tatu (ya mnunuzi, ya muuzaji na ya msuluhishi), mbili zikikubaliana pesa inatoka, unalinda pesa yako. Faragha ni habari nyingine: mkigombana, msuluhishi anafunguliwa oda nzima.

Sasa stendi ya basi, mzigo unapopokelewa. Huku ndiko siri inakovujia, na hakuna programu itakayokusaidia. Mzigo ukitoka Dar kwa basi, juu ya boksi wanaandika kwa maka peni nyeusi: majina mawili, namba ya simu, "SIMU – MBEYA". Boksi linawekwa kwenye dirisha la ofisi ya mizigo, maandishi yakitazama nje. Nimemsikia kijana wa mizigo akisoma namba ya mtu kwa sauti, tarakimu moja moja, abiria wamejaa. Mwambie anayekutumia aandike jina moja, "spea" badala ya simu, na afunge boksi kwa selotepu pande zote. Namba iwe ya laini ya pili, isiyo na pesa. Najua nayo imesajiliwa kwa alama za vidole, serikali haifichwi kitu hapo. Unawakwepa waliosimama dirishani.

Maana hao ndio wanaopiga baadaye: "Mzigo wako umekwama, tuma elfu ishirini ya ushuru." Wana jina lako, wana namba, wanajua ni simu. Kata, kisha piga namba iliyochapwa kwenye risiti ya basi, siyo ile iliyokupigia.