Baada ya kubadilishiwa nyonga: siku unapohisi umerudi nyuma

Wiki mbili za kwanza baada ya kubadilishiwa nyonga mara nyingi huenda vizuri kuliko mgonjwa alivyotarajia. Yale maumivu ya zamani ya mfupa kusagana na mfupa yameisha, yamebaki ya kidonda. Kisha, kati ya wiki ya 3 na ya 6, mambo yanakwama. Mguu unavimba jioni, paja linavuta ukinyanyuka kitini, usingizi hauji, na mtu aliyefika getini juzi leo anaona sebule ni mbali. Hapo wengi huangukia upande mmoja kati ya miwili: kujikaza mpaka mguu ukatae kabisa, au kujifungia kitandani wiki nzima. Njia zote mbili zinachelewesha kupona, na kitanda kina hatari zaidi.

Kinacholalamika muda huu, mara nyingi, siyo kiungo kipya. Kikombe kilichowekwa kwenye nyonga na chuma kilichoingizwa ndani ya fupa la paja vimeshikamana vya kutosha kubeba uzito mapema, isipokuwa daktari amekuambia vinginevyo. Kinachouma ni misuli iliyokatwa au kuvutwa kando ili daktari afike kwenye kiungo, ngozi, na damu iliyovia ndani. Nyama hizo huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana, na nguvu huendelea kurudi hata mwaka mzima. Kwa hiyo siku mbaya moja siyo ushahidi kwamba upasuaji umeshindwa.

Kipimo cha kama umezidisha ni rahisi. Maumivu ya mazoezi yanatakiwa yatulie ndani ya saa 2. Yakiendelea zaidi ya hapo, au ukiamka kesho yake mguu ni mzito na umevimba kuliko asubuhi iliyotangulia, jana ulivuka mpaka. Usiache kila kitu. Kata nusu: kama ulitembea dakika 20 mara mbili, tembea dakika 10 mara mbili; kama ulifanya seti 3 za mazoezi, fanya moja au mbili. Kaa hapo siku moja au mbili, halafu ongeza kidogokidogo, tena kitu kimoja tu kwa wakati. Ukiongeza umbali, ngazi na mazoezi mapya siku hiyohiyo, ukiumia hutajua kilichokuumiza ni kipi. Daftari dogo lenye mistari mitatu kwa siku (nimetembea dakika ngapi, uvimbe ukoje jioni, nimelalaje) litamsaidia mfiziotherapia wako (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) kuliko maelezo ya "naumwa tu".

Uvimbe, na kigimbi kinachouma

Uvimbe wa kawaida huongezeka jioni na kupungua ukiamka. Unaweza kushuka mpaka kwenye goti na kifundo pamoja na weusi wa damu iliyovia, ukawatisha watu wa nyumbani. Huweza kuendelea miezi 3 na zaidi. Dawa yake ni kulala chali na kuweka mito miwili kwa urefu chini ya mguu wote, siyo chini ya goti peke yake, ili unyayo uwe juu kuliko kifua. Nusu saa, mara mbili au tatu kwa siku. Kila saa ukiwa macho, kunja na kunyoosha kifundo cha mguu mara 10. Misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu kurudi juu.

Barafu inasaidia pia: pakiti ya maji iliyoganda, izungushie kanga kavu, weka pembeni ya kidonda dakika 15 hadi 20. Usiiweke juu ya ngozi tupu. Ngozi ya karibu na kovu huwa na ganzi, kwa hiyo inaweza kuungua kwa baridi bila wewe kujua. Mwenye selimundu aache barafu kabisa mpaka daktari wake amruhusu, kwa sababu baridi inaweza kumwanzishia maumivu makali ya ugonjwa wenyewe. Na hawa si wachache, maana selimundu huweza kuua kichwa cha fupa la paja na kumfikisha mtu kwenye upasuaji huu akiwa bado kijana. Kwao maji ya kunywa ya kutosha na kukaa na joto ni sehemu ya matibabu ya nyonga.

Uvimbe usiopungua usiku, kigimbi au paja kuuma, kuwa na joto au kuwa jekundu upande mmoja, hayo ni ya kwenda kuonwa siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ukipata pumzi fupi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, au kukohoa damu, usisubiri kupambazuke. Bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu.

Ndiyo maana kuchua mguu ni marufuku. Najua shangazi atakuja na mafuta yake, na mchuaji wa mtaani ana sifa zake, lakini kigimbi chenye damu iliyoganda kikikandwa, bonge linaweza kung'oka na kusafiri. Mkono wenye nguvu unaweza pia kuchomoa nyonga. Kukanda kidonda kwa maji ya moto nako kunalowesha plasta na kuleta uvimbe zaidi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe vidonge au sindano ya tumboni, mara nyingi hutolewa kwa siku 28 hadi 35. Wengi huikatisha wiki ya pili kwa sababu ya bei na kwa sababu "sasa natembea". Kama hela ndiyo shida, mwambie daktari kabla dozi haijaisha. Wapo wagonjwa wanaofaa kumalizia na aspirini, ambayo ni rahisi zaidi. Kuamua mwenyewe kuacha ni kucheza na mapafu yako.

Homa isiyo malaria

Hili ningependa lisomwe na yule anayemuuguza mgonjwa, siyo mgonjwa peke yake. Kwetu homa ikipanda, wazo la kwanza ni malaria. Mtu anapimwa, anapewa dawa, anarudi nyumbani, na hakuna aliyefunua plasta. Mgonjwa mwenye nyonga mpya akipata joto la 38 na kuendelea, kipimo cha malaria kifanyike, lakini kidonda kiangaliwe vilevile, hata kama malaria imeonekana.

Dalili za kidonda kuharibika ni wekundu unaopanuka, joto, harufu, usaha, na maumivu yaliyokuwa yanapungua kuanza kupanda tena. Majimaji kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kidonda kinachoendelea kulowesha plasta baada ya siku 7 kinamhitaji daktari aliyekupasua, hata kama hakiumi na huna homa.

Kosa linalogharimu zaidi hapa ni kununua antibayotiki duka la dawa. Bakteria wakifika kwenye chuma na plastiki hujijengea utando wa utelezi ambao dawa haiupenyi vizuri. Vidonge vinashusha homa, kidonda kinaonekana kimekauka, na chini wadudu wanaendelea. Ukija kufika hospitali, majimaji yakivutwa na kuoteshwa maabara hayaonyeshi kitu, kwa sababu dawa imewapunguza bakteria bila kuwamaliza, na daktari anabaki kubahatisha ni dawa gani itafaa. Maambukizi yakigundulika mapema, ndani ya wiki chache za kwanza, kuna nafasi ya kufungua, kuosha na kubadilisha sehemu zinazotoka, yaani kichwa na bitana ya kikombe, huku kiungo kikibaki. Yakikaa miezi, mara nyingi kiungo chote hutolewa. Kwa hiyo ukiona dalili, piga simu kliniki ya mifupa, na ukifika useme wazi kama umeshameza dawa yoyote.

Choo, kochi na blanketi

Nyonga huchomoka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, na haihitaji kuanguka. Inatosha kukosea mkao. Uliza daktari alipitia upande gani, kwa sababu makatazo hutofautiana. Ukipasuliwa kwa nyuma, epuka mambo matatu: kukunja nyonga zaidi ya nyuzi 90, kuvusha mguu katikati ya mwili, na kugeuza vidole vya mguu ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele huonywa zaidi kutopeleka mguu nyuma huku umegeukia nje.

Kwenye maisha ya nyumbani kwetu, hiyo ina maana kwamba choo cha kuchuchumaa hakiwezekani kabisa. Tengenezesha kwa fundi, kabla ya upasuaji, kiti cha mbao au chuma chenye tundu, urefu wa sentimita 45 hadi 50, miguu iliyotanuka yenye mpira chini, na vishikio pande zote mbili. Viti vya plastiki vilivyotobolewa hupasuka na kuteleza kwenye sakafu yenye maji, usivitumie. Kipimo chako halisi ni hiki: simama na viatu, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, ongeza angalau sentimita 5. Kiti chochote kilicho chini ya hapo, pamoja na kigoda cha jikoni, ni hatari. Kochi huonekana refu mpaka ulikalie likazama. Weka ubao chini ya mto wake au achana nalo. Anayeswali aswali kwenye kiti, rukuu na sijda kwa ishara ya kichwa bila kuinamisha kiwiliwili. Bodaboda isubiri ruhusa ya daktari. Kwenye gari, kaa kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma na kulazwa kidogo, ingiza makalio kwanza huku mguu umenyooshwa. Mfuko wa plastiki juu ya kiti husaidia kuzunguka bila kujisokota. Utoe gari likianza kwenda.

Nyonga haichomoki chooni tu. Wengine huchomoka wakiwa wamekaa kitandani wakijivuta kuchukua blanketi lililoteremka miguuni, au wakigeuka jikoni kwa kuzungushia mwili juu ya mguu uliopasuliwa. Fungia blanketi kamba ya kulivuta, na ukigeuka piga hatua ndogondogo.

Ikichomoka utajua: maumivu makali ya ghafla, pengine mlio, mguu unaonekana mfupi na umegeuka, na huwezi kuukanyaga. Asikuvute mtu. Lala, wekewa mto katikati ya mapaja, usile wala usinywe kwa sababu huenda ukahitaji usingizi wa dawa ili irudishwe, na upelekwe hospitali yenye eksrei. Ikirudishwa mapema, mara nyingi mtu hutembea tena bila kufunguliwa upya.

Kuchechemea, na mguu unaoonekana mrefu

Watu hutupa magongo mapema kwa sababu ya aibu. Matokeo yake ni kutembea ukiegemea upande, na mwili ukishazoea huo mwendo, kuuondoa ni kazi ya miezi. Kinacholegea ni misuli ya pembeni ya nyonga, inayotakiwa kuizuia nyonga isidondoke unaponyanyua mguu wa pili. Kanuni ninayoiamini: bakia na gongo mpaka uweze kutembea bila kuegemea, siyo mpaka uweze kutembea tu. Gongo moja hushikwa mkono wa upande mzima, siyo upande uliopasuliwa. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mkono ukining'inia. Mpira wa chini ukishakuwa laini kama tairi kipara, ubadilishe. Ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, gongo na mguu uliopasuliwa kwanza.

Zoezi la misuli hiyo: shika ukingo wa meza, vidole vielekee mbele, inua mguu pembeni sentimita 15 hivi bila kulaza kiwiliwili, hesabu 3, shusha. Mara 10, seti 3 kwa siku. Kama daktari alipitia pembeni na kuishona misuli hiyohiyo, usianze bila ruhusa yake, ambayo mara nyingi huja baada ya wiki 6.

Kuhisi mguu umerefushwa ni malalamiko ya kawaida mwanzoni. Kwa miaka mguu ulikuwa umefupika na misuli imekaza. Sasa umerudishwa, na kiuno bado kimeinama. Usikimbilie kwa fundi viatu kuongeza soli. Subiri miezi 3 hivi, kisha upimwe. Kwa wengi hisia hiyo huisha yenyewe.

Dawa, tumbo na hasira

Maumivu yakirudi wiki ya 3, uliza kwanza kama umeacha dawa ghafla. Parasetamoli hufanya kazi ikinywewa kwa saa: kwa mtu mzima mwenye ini zima, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Hesabu na zile dawa za mafua zenye parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni usiongeze mwenyewe wakati unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, tumbo linaweza kutoka damu. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, hufunga choo. Maji, papai na mboga za majani vianze pamoja nayo, siyo siku ya nne ukishaanza kujikamua. Uchovu usioelezeka, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ukisimama, pima wingi wa damu, kwani upasuaji huu hupoteza damu ya kutosha.

Hasira na machozi yasiyo na sababu huja pia, hasa usiku. Usingizi wa kulala chali wiki nzima unachosha yeyote. Ukiruhusiwa kulala ubavu, lalia upande mzima ukiwa na mto mnene kati ya mapaja kuanzia gotini hadi kifundoni. Wageni wapangiwe saa, na anayekuja na "jikaze tu" apewe kazi ya kukunja mikeka na kufuta maji sakafuni. Tochi ikae kando ya kitanda, mkono unapofika. Umeme ukikatika njia ya chooni ndipo watu wanapoanguka.

Kliniki ya wiki ya 6 usiikose hata kama unajisikia vizuri, na tunza ile karatasi yenye stika za kiungo chako, kwa sababu ukija kuhitaji marekebisho baada ya miaka 15, daktari atataka kujua aina na saizi. Jino bovu, jipu au mkojo unaochoma vitibiwe mapema, si mwaka huu tu, maana bakteria wanaweza kupita kwenye damu wakaenda kukaa kwenye nyonga miaka mingi baadaye.