Muda wa kusubiri: namba tupu au aina yake?
Umeuliza kama inatosha kigezo cha muda wa kusubiri cha fankisheni yako ya Java kiwe namba tupu, mradi jina lake litaje milisekunde. Ndugu, jina halimzuii mtu. time.sleep ya Python huhesabu sekunde, Thread.sleep ya Java milisekunde; aliyezoea ile ya kwanza atakuandikia 30 akidhani ni sekunde, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) itanyamaza kimya. Pokea Duration, aina ya data ya Java inayowakilisha urefu wa muda, ipo tangu Java 8, ili anayeita alazimike kuandika Duration.ofSeconds(30). Lugha ya Go nayo ina Duration, lakini time.Sleep(5) inapita bila kelele na kulala nanosekunde 5 tu (mtego huo ulishanipotezea mchana mzima). Fankisheni ya zamani inayopokea namba usiifute ghafla. Iache iite ile mpya inayopokea Duration. Muda hasi ukatae palepale mlangoni, kabla fankisheni haijaanza kazi.