Kabla hujachukua mkopo mkubwa wa kufunga mikopo midogo

Mleta mada, nimesoma bandiko lako mara mbili. Mke na mume mnafanya kazi, mshahara ukiingia haufiki katikati ya mwezi, mna mikopo minne, na sasa amejitokeza mkopeshaji anayesema atawapa mkopo mmoja mkubwa mfunge yote mbaki na rejesho moja tu. Unauliza uchukue au uache. Waliotangulia wamekujibu "punguzeni anasa" na "andikeni bajeti". Mimi nitakujibu kwa yaliyonikuta, maana huo mkopo mkubwa niliwahi kuuchukua.

Mimi ni mtunza stoo, mke wangu ni fundi cherehani. Wakati ule nilikuwa na mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, mikopo miwili ya simu, na deni la shemeji. Nikachukua mkubwa, nikafunga ule wa mshahara na ile miwili ya simu kwa siku moja. Jioni nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyetua gunia. Wiki ya sita ikaingia meseji: hongera, kwa kuwa wewe ni mteja mwaminifu, kiwango chako cha kukopa kimeongezwa. Siku hiyo nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Sihitaji kukueleza kilichofuata. Ndani ya miezi minne nilikuwa na mkopo mkubwa, mikopo ya simu imerudi pale pale, na makato ya mshahara yamepanda.

Nilikuwa nimefuta madeni bila kujua yanazaliwa siku gani.

Nasema "siku gani" makusudi. Usiku mmoja mke wangu alichukua daftari la mtoto lililokwisha kutumika, akafungua kurasa za nyuma, akapiga mistari 31. Akaniambia, "Baba watoto, taja tarehe za hela inayoingia na inayotoka. Kiasi tutaandika baadaye." Bajeti zetu zote za nyuma zilikuwa za kiasi: hiki cha kodi, hiki cha nauli, hiki cha ada. Kwenye karatasi zilikuwa zinakaribia kutosha, ndiyo maana kila mwezi tulikuwa tunajiona wazembe. Tulipoweka tarehe, mambo yakawa mengine. Mshahara wangu tarehe 28. Kodi tarehe 1. Marejesho ya simu tarehe 10 na tarehe 14. Hela ya mke wangu huja kidogo kidogo, na nyingi huja mwishoni mwa wiki ya tatu wateja wanapochukua nguo zao. Kuanzia tarehe 11 hadi 19 karatasi ilikuwa nyeupe upande wa kuingia. Tukafungua meseji za zamani tukaanza kutia alama kila siku tuliyokopa. Karibu zote ziliangukia humo humo, kati ya tarehe 11 na 16.

Hapo mke wangu akanyamaza kwa muda, kisha akaiweka simu yake mezani. Naye alikuwa na mkopo wa siri. Mbaya zaidi, mwezi uliopita, wiki moja, tulikopa wote wawili kwa ajili ya salio lile lile la ada ya mtoto. Mimi nilimwambia nimepata posho, yeye akaniambia kuna mteja kamlipa deni la zamani. Yangu ikaenda shule, yake ikayeyukia kwenye nauli na chakula, na tukalipa riba mara mbili kwa sababu ya kuoneana haya. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi, na mimi yangu alikuwa hajaiona?

Kwa wale wa "punguzeni anasa": mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alipitia hesabu za matumizi za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kwamba kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyoishia kwenye chakula. Wachumi mpaka leo wanaiita kanuni ya Engel. Tafsiri yake nyumbani kwangu ni kwamba mwenye mshahara mnono akibanwa anaahirisha safari, mimi nikibanwa napunguza sahani. Tulitafuta anasa kwenye lile daftari tukapata vocha za simu na hela ya saluni. Tukazipunguza. Zikatupa nafuu ya siku moja na nusu.

Na kichwa nacho kilikuwa kimechoka. Stoo nilianza kukosea hesabu ambazo huwa nazifanya nikiwa nimefumba macho. Baadaye nilikuja kusoma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science, kuhusu wakulima wa miwa nchini India. Walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, wakapimwa tena baada ya mavuno. Watu ni wale wale, lakini baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Nilijisamehe mambo mengi siku ile. Kwa hiyo, kama unataka kuamua kuhusu huo mkopo, tafadhali usiamue tarehe 13. Subiri siku mbili baada ya mshahara, ndipo usome karatasi zao.

Tuje kwenye karatasi zenyewe, maana hapa ndipo nilipoliwa.

Mkopeshaji aliniambia riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Nikaona ni kitu kidogo. Sikuuliza asilimia 2 ya nini. Chukua mfano wa kukopa 1,200 kwa miezi 12. Kama riba inahesabiwa juu ya kiasi chote ulichokopa mwanzoni, unalipa 24 kila mwezi hadi mwisho, jumla 288, hata mwezi wa kumi na mbili ambapo umebakiza kidogo sana mkononi mwako. Kama inahesabiwa juu ya salio linalobaki, kwa asilimia 2 hiyo hiyo jumla ya riba ni kama 162. Ukitaka kuigeuza ile ya kwanza iwe ya salio, ni sawa na asilimia 3.5 hivi kwa mwezi. Tangazo ni lile lile, neno ni lile lile, bei ni mbili tofauti. Juu yake kulikuwa na ada ya kushughulikia mkopo iliyokatwa kabla sijapokea hela, kwa hiyo nililipia riba hela ambayo sikuwahi kuishika.

Kuna mtego mwingine: rejesho dogo. Mkopo mkubwa unaonekana mwepesi kwa sababu wameuvuta miezi mingi. Usiangalie unalipa kiasi gani kwa mwezi. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, ongeza ada zote, kisha linganisha na jumla ya kilichobaki kwenye mikopo yako minne leo. Mimi nilipokuja kufanya hesabu hiyo nilikuwa nimeshasaini, na ule mkopo wa mshahara nilioufunga ulikuwa umebakiza miezi mitano tu kwisha wenyewe.

Mikopo ya simu ndiyo iliyonitesa kuliko yote, japo ni midogo. Ukikopa 500 kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 10, unarudisha 550. Sawa. Lakini kama ukilipa 550 tarehe 10 unalazimika kukopa 500 tena tarehe 11, wewe hujalipa deni, umelipia ruhusa ya kuendelea nalo. Ukifanya hivyo miezi 12 umetoa 600 za ada na bado unadaiwa 500 zile zile. Nilijua hili kwa moyo, ila nilidhani njia pekee ya kutoka ni kupata 550 za mkupuo zisizo na kazi nyingine. Hazikuja kamwe.

Njia tuliyotoka nayo ni ya ngazi. Mwezi wa kwanza ukilipa 550, kopa tena 400, usikope 500. Mwezi unaofuata unalipa 440, unakopa 300. Kisha 330, unakopa 200. Kisha 220, unakopa 100. Mwezi wa tano unalipa 110 unafuta programu kwenye simu. Ukihesabu, kutoka mfukoni inakutoka 150, halafu 140, 130, 120, na mwisho 110. Jumla 650, yaani 500 ya deni na 150 ya ada. Inauma, lakini kila mwezi inauma kidogo kuliko uliotangulia, na hakuna siku unayotakiwa kuwa na muujiza. Ile 150 ya kwanza tuliipata kwa kuuza kabati. Nguo zilikaa kwenye masanduku mwaka mzima. Mkopo wa pili tukauanza ngazi wa kwanza ulipokwisha, na ule wa siri wa mke wangu ukafuata.

Lakini ngazi isingefanya kazi bila kuziba ile nafasi nyeupe ya tarehe 11 hadi 19. Tulikwenda kwa mwenye nyumba, wote wawili, tukamwomba kodi tuilipe nusu tarehe 1 na nusu tarehe 20. Hatukuomba apunguze hata senti. Alikuna kichwa, akasema atujaribu miezi mitatu. Shemeji naye tulimwendea, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi kwangu, nikamwambia nitakuwa namlipa kidogo kila mwezi badala ya ahadi zangu za "mwisho wa mwezi nakumalizia". Akacheka, akasema afadhali hiyo kuliko kunikwepa kwenye misiba. Wanaoona aibu kuomba kusogezewa tarehe wajue ni ombi la kale: sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, zilisema mkulima mwenye deni ambaye shamba lake limeharibiwa na dhoruba hatampa mdai nafaka mwaka huo, wala hatalipa riba ya mwaka huo. Ukitaka kuomba, omba kabla ya tarehe ya kulipa. Ukiomba baada ya kuchelewa wiki mbili, unasikika kama unajitetea.

Biashara ya pembeni? Nilijaribu, kwa mtaji wa mkopo. Sitaki kuiongelea.

Kazini ndiko wengi hawagusi, na mimi naona ndiko kwenye mzizi. Mshahara ukiwa mdogo, hakuna mistari 31 itakayougeuza kuwa mkubwa. Niliomba nyongeza peke yangu, nikaambiwa nisubiri. Baadaye tulikwenda wafanyakazi tisa na ombi moja dogo: malipo ya saa za ziada yasilundikwe, yalipwe kila mwezi, katikati ya mwezi. Nyongeza hatukupata. Hili tukalipata, na kwangu lilianguka tarehe 15, katikati kabisa ya ile nafasi nyeupe. Kama pana chama cha wafanyakazi hapo kwenu, kitumie. Kama hakuna, nendeni wengi na ombi moja linaloeleweka.

Pia soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari. Mimi niligundua kwamba ule mkopo wa zamani niliokwisha kuufunga uliendelea kukatwa miezi miwili mbele. Mhasibu anasema wao wanafuata maelekezo ya mkopeshaji, mkopeshaji anasema waulize kazini. Niliandika barua moja, nakala pande zote mbili, nikaambatanisha uthibitisho wa kumaliza deni, hela ikarudi baada ya wiki tano. Uulize pia sheria ya nchi yako inaruhusu mshahara ukatwe hadi wapi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato yafuate masharti ya sheria za nchi, na mshahara ulindwe usikamatwe kwa deni hadi mfanyakazi na familia yake wakose cha kujikimu. Si kila nchi imeuridhia, na hata zilizouridhia zina viwango vyake, lakini unapoingia ofisini ukiwa unajua kuna kikomo, huongei kinyonge.

Sasa huo mkopo wako. Sisemi ni haramu kila mara. Kuna jamaa yangu ulimwokoa, kwa sababu riba yake halisi ilikuwa ndogo kuliko ya mikopo aliyoifunga, muda haukurefushwa, na alizifuta zile programu siku hiyo hiyo mkewe akiona. Wewe hujatuambia lolote kati ya hayo matatu. Nenda kawaulize: riba ni ya kiasi cha mwanzo au ya salio? Ni hela ngapi hasa nitapokea mkononi? Jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni ngapi? Nikitaka kumaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inaondoka au inabaki? Wakikataa kukuandikia majibu, umeshajibiwa.

Na leo usiku, kabla hujaenda kwao, kaa na mwenzako mpige hiyo mistari 31. Simu zote mbili ziwe mezani. Mkiona huwa mnakopa tarehe zipi, rudi hapa uziweke, bila majina wala jina la mwajiri. Tarehe tu na kiasi. Nitakuwepo kuanzia Jumamosi, tuziangalie pamoja.