Leseni ya udaktari Marekani: karatasi za nyumbani ndizo zinazochelewesha

Marekani haina leseni moja ya udaktari ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Kwa daktari aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi, kinachotisha ni USMLE, mitihani ya hatua tatu ya leseni ya udaktari Marekani, lakini ombi hukwama kwenye karatasi za nyumbani. Kama residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, inaisha Juni na kazi inaanza Agosti, fungua ombi Desemba. Machi umeshachelewa.

Kabla ya kulipa ada, ambayo kwa kawaida hairudishwi, angalia jimbo linataka nini kuhusu idadi ya majaribio ya kila hatua ya USMLE, miaka kati ya hatua ya kwanza na ya tatu, na muda wa residensi. USMLE yenyewe inakuruhusu kufanya hatua moja hadi mara 4, ila majimbo kadhaa yanaishia mara 3. Mengi yanadai hatua zote zikamilike ndani ya miaka 7, mengine 10. New York inamtaka aliyesoma nje awe na miaka 3 ya residensi, wakati aliyesoma Marekani anatakiwa mmoja tu.

Halafu majina. Cheti cha sekondari kinasema Hamisi Ally, cha chuo Khamis Ali, na paspoti ina jina la babu ambalo halipo kwingine. Huku nyumbani kila mtu anaelewa kuwa ni yule yule. Kwa bodi ni watu watatu. Sahihisha mapema, au andaa hati ya kiapo inayotaja kila tahajia na cheti ilipo. Jina la chuo nalo lina mtego wake. Aliyehitimu Muhimbili kabla ya 2007 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Andika jina lililo kwenye cheti, kisha eleza mabadiliko.

Bodi haipokei nakala za masomo zilizopita mikononi mwako, hata zikiwa na muhuri. Zinatakiwa zitoke chuoni moja kwa moja. Hapo ndipo wiki zinapopotea: fomu imefika masijala, aliyepaswa kusaini yuko likizo, na hakuna anayefuatilia. Tafuta ndugu au rafiki aliye karibu na chuo, mpe namba ya barua na tarehe iliyotumwa, aende mwenyewe kuulizia. Kama uliwahi kusajiliwa nyumbani, omba na uthibitisho wa mwenendo mwema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika au KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, lakini usiombe mapema mno, maana bodi nyingi hukataa wa zamani.

Kwa sababu ya usumbufu huo wa chuo, tunashauri kufungua faili FCVS, huduma ya kuhakiki na kutunza vyeti vya madaktari kwa ajili ya bodi za majimbo, hata pale jimbo lisipolazimisha. Vyeti vikishathibitishwa hubaki humo, na ukihamia jimbo jingine husumbui tena chuo.

Eleza kila mwezi tangu uhitimu, hata ule uliokaa nyumbani kumuuguza mzazi. Pengo lisiloelezwa hurudisha faili. Maswali ya kukamatwa na polisi au kusimamishwa mafunzo yajibu kama yalivyoandikwa. Jambo dogo lililofichwa huleta adhabu kubwa kuliko jambo lenyewe.

Njia ya IMLC, mkataba wa majimbo wa kurahisisha leseni za majimbo kadhaa, ni ya haraka na ada yake ni dola 700, juu ya ada ya kila jimbo. Lakini inadai ubingwa uliothibitishwa, hivyo haimfai aliyemaliza residensi jana. Nayo sheria ya Tennessee ya 2023, iliyofungua leseni ya muda bila kurudia residensi, haijafuta cheti cha ECFMG, kinachothibitisha sifa za madaktari waliosoma nje ya Marekani.

Leseni ikitoka, omba usajili wa DEA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka 3. Massachusetts na Illinois zinataka kwanza kibali chao cha dawa zinazodhibitiwa. Ukikiruka, DEA haitakupa namba.